Cheti Kilisema Julai, Bibi Akasema Ramadhani

Cheti cha kuzaliwa cha marehemu baba yangu nimekisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyopata kuandikiwa. Kimekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kutoboka, na pembeni kuna doa la mafuta ya nazi, kwa sababu bibi alikiweka miaka mingi kwenye kisanduku chake cha bati pamoja na vikorokoro vyake vya nywele. Kilitolewa Tanga tarehe 6 Septemba 1972. Kinasema baba alizaliwa 1 Julai 1946, mahali ni Muheza, jina la mama ni "Binti Salimu", na aliyetoa habari ni "baba", naye ameweka dole gumba.

Habari hizo nne zote zilinikosesha usingizi. Bibi alisema siku zote kwamba mwanawe wa kwanza alizaliwa ndani ya Ramadhani. Muheza ni mji, na bibi hakupata kukaa mjini hata siku moja katika ujana wake. Binti Salimu ni binti wa Salimu yupi, na yeye mwenyewe anaitwa nani? Na huyo "baba" aliyeweka dole gumba mwaka 1972, yaani babu yangu, alizikwa mwaka wa Uhuru, 1961.

Nimefundisha shule za msingi hapa Tanga zaidi ya miaka thelathini, na tangu nistaafu kazi yangu kubwa imekuwa hii ya kuwatafuta wazee wetu. Ndugu na majirani huniletea vyeti vyao wakisema, "Mwalimu, hiki kimekosewa." Mara nyingi nikikaa nacho naona hakijakosewa kama wanavyodhani. Ninaandika hapa namna ninavyokisoma, ili nawe ukae na cha kwenu.

Tafuta tarehe tatu kabla ya kusoma jina

Cheti cha zamani huwa na tarehe tatu, na watu wengi huiona moja tu. Ipo ya kuzaliwa, ipo ya kusajiliwa, na ipo ya kutolewa kwa karatasi yenyewe. Ziandike zote tatu kwenye daftari lako, kisha hesabu miaka iliyopita kati ya moja na nyingine. Mtoto aliyezaliwa Machi na kusajiliwa Aprili ana cheti ambacho tarehe yake unaweza kuitegemea. Aliyezaliwa 1946 na kusajiliwa 1972 ana cheti kilichojengwa kwa kumbukumbu za watu, na kila safu yake inataka kuulizwa upya.

Kwa wazee wetu wengi hali ni hiyo ya pili. Tanganyika ilikuwa na sheria ya kusajili vizazi na vifo tangu 1920, lakini wakati wa ukoloni Mwafrika hakulazimishwa kusajili mtoto. Kenya nayo ilianza na Wazungu mwanzoni mwa karne iliyopita, na ulazima kwa Waafrika ukaja kupanuliwa wilaya kwa wilaya kuanzia miaka ya 1960. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa kijijini miaka ya 1930 au 1940 alikata cheti siku alipokihitaji: kazi ya serikali, pasipoti, safari ya Hija, masomo. Jiulize alikihitaji kwa nini. Sababu hiyo mara nyingi ndiyo iliyoamua umri wake ukoje.

Jina la nchi juu ya karatasi nalo lisikupotoshe. Linafuata siku karatasi ilipotolewa. Ukiona "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania" na mtu alizaliwa 1938, hakuna kosa wala udanganyifu. Nakala hiyo imetolewa baada ya 1964, basi. Kilicho mkononi mwako ni nakala ya ingizo, na ingizo lenyewe liko kwenye daftari la usajili. Iandike namba ya ingizo mahali pa usalama. Siku utakapokwenda ofisi ya msajili wa wilaya au RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, namba hiyo itakusaidia kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Kila neno lina mdomo na kalamu

Hili ndilo ninalowasisitizia wote wanaokuja kwangu. Weka picha ya meza. Upande mmoja ameketi karani mwenye kalamu, upande wa pili amesimama mtu anayesema. Karani ana safu za kujaza zilizochapwa kwa Kiingereza. Msemaji ana Kiswahili chake, Kibondei chake, Kisambaa chake, ana heshima zake na haraka zake. Kila neno kwenye cheti lilitoka kwenye mdomo fulani likapita kwenye kalamu fulani. Ukikwama mahali, uliza: hapa alisema nini hasa? Na yule alisikia nini?

Kwa hiyo safu ya mtoa habari ndiyo ninayoisoma kwanza, ingawa huwa chini kabisa na vyeti vingine havinayo. Kama haipo kwenye nakala yako, omba kuangaliziwa kwenye daftari.

Turudi kwa babu yangu aliyeweka dole gumba akiwa kaburini miaka kumi na moja. Nilidhani ni cheti cha uongo. Nikaenda na fotokopi hadi kwa shangazi, dada yake baba. Akaitazama ile alama ya dole, akaniuliza, "Mwaka gani huo?" Nikamwambia. Akasema, "Ah, huyo baba yetu mdogo. Ndiye aliyempeleka kaka Tanga. Walikwenda na basi la asubuhi, mimi nikawapikia mihogo." Mdogo wake babu alisimama mbele ya meza, karani akamuuliza, wewe ni nani wake huyu kijana? Akajibu kama sisi sote tungejibu: mimi ni baba yake. Karani akaandika alichosikia.

Kwa Kiswahili baba mkubwa ni baba, baba mdogo ni baba. Mama mkubwa na mama mdogo ni mama. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako kabisa, na mtu mzima hatakwambia "binamu" mbele ya wageni. Fomu iliyotungwa kwa mila za Uingereza haina nafasi ya mambo hayo. Basi ukikuta "baba" au "mama" ambaye tarehe zake hazikubali, kabla hujasema cheti ni cha kughushi, orodhesha ndugu wote wa baba na wa mama waliokuwa hai mwaka huo. Ukikuta watoto wawili wa mama mmoja waliopishana miezi mitano, fanya hivyohivyo.

Tarehe: mahali pa kukaa muda mrefu

Siku ya kwanza ya Januari na siku ya kwanza ya Julai zimebeba watu wengi sana katika nchi hii. Karani akipewa mwaka bila siku, ilibidi aandike kitu. Wengine waliandika mwanzo wa mwaka, wengine katikati yake. Ukiziona tarehe hizo kwenye cheti cha usajili wa kuchelewa, isome kama mwaka tu.

Na mwaka wenyewe ulipatikanaje? Mara nyingi kwa kutoa. Baba yetu mdogo aliulizwa, kijana ana miaka mingapi? Wazee wetu walihesabu mwaka unaoingia: mtoto aliyetimiza miwili akiendelea, husemwa "yuko wa tatu". Kama alijibu, "Anaingia wa ishirini na sita," karani alichukua 1972 akatoa 26, akapata 1946. Lakini aliye katika mwaka wa ishirini na sita ametimiza ishirini na tano. Anatakiwa awe amezaliwa kati ya Septemba 1946 na Septemba 1947. Kwa hiyo usikubali mwaka wa namna hii bila kuujaribu na wa mbele yake.

Sasa ushahidi wa bibi. Mwaka 1994 nilikaa naye barazani nikaandika kwenye daftari la shule maneno yake kama yalivyotoka: "Baba yako kazaliwa usiku wa ishirini na saba Ramadhani, usiku wa Ijumaa, watu wako kwenye tarawehe." Sentensi moja, lakini ina mambo matatu ya kupima.

La kwanza ni usiku wa Ijumaa. Kwa hesabu ya pwani na ya Kiislamu siku huanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi, ambao wengine huuita usiku wa kuamkia Ijumaa. Vijana wengi leo wakisikia usiku wa Ijumaa wanafikiria Ijumaa jioni, na tayari wamekosea siku nzima. Karani wa zamani aliyezoea hesabu ya ofisini alikosea vivyo hivyo.

La pili ni tarehe ya mwezi mwandamo. Niliweka mipaka kwanza. Babu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki; watu wa hapa walisema "keya". Alikwenda Bama, yaani Burma, wakati wa vita vya Hitla, akarudi mwanzoni mwa 1946, na harusi ikafungwa baada ya hapo. Shangazi, anayemfuata baba, ana karatasi ya hospitali ya Machi 1949. Basi baba alizaliwa ama 1946, ama 1947, ama 1948. Nikatafuta Ramadhani ishirini na saba ya kila mwaka kwa programu ya kugeuza kalenda, ambayo siku hizi inapatikana bure kwenye simu. Mwaka 1946 iliangukia Jumapili, 25 Agosti. Mwaka 1948 iliangukia Jumanne, 3 Agosti. Mwaka 1947 iliangukia Ijumaa, 15 Agosti. Programu hizi zinaweza kupishana siku moja na mwezi ulivyoonekana Tanga, kwa hiyo ruhusu siku moja mbele na moja nyuma. Hata ukiruhusu, Jumapili na Jumanne hazifiki Ijumaa.

La tatu ni tarawehe, inayosaliwa baada ya isha. Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita ya usiku, kwa hiyo kwa kalenda ya ofisini ilikuwa bado Alhamisi. Baba yangu alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Agosti 1947, usiku. Niliposogeza kidole kwenye kalenda na kufika hapo nililia. Miaka yote tulikuwa tukimsomea dua mwezi wa Julai.

Jifunze majina ya miezi kama yalivyosemwa na wazee, maana mitego ni mingi. Baada ya Ramadhani huja Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu ambao ndio mwezi wa Hija, na kuendelea hadi Mfunguo Tisa. Halafu Rajabu, Shaabani na Ramadhani tena. Nimeshika cheti cha jirani kilichosema Juni, na mama yake akiapa kwamba mtoto alizaliwa siku za Maulidi. Maulidi ni Mfunguo Sita. Kwenye meza palisemwa "Mfunguo Sita", kalamu ikaandika mwezi wa sita. Vilevile "mwezi pili Ramadhani" ni siku ya pili ya Ramadhani. Februari haimo kabisa.

Saa nazo. Saa mbili usiku ni mwanzo wa usiku, lakini karani akiigeuza vibaya kuwa saa mbili ya Kizungu inakuwa usiku wa manane, na tarehe inaruka. Hili huonekana zaidi kwenye karatasi za hospitali na kwa mapacha. Kama ni mapacha wa Kisukuma au Kinyamwezi, jina litakusaidia: Kulwa ametangulia, Doto amefuata, na ukikutana na Shija mtafute Kulwa na Doto waliozaliwa kabla yake, hata kama hawakuishi na hakuna cheti chao.

Majina mengine pia yana tarehe ndani yake. Hamisi, Juma na Mwanajuma yana siku. Ramadhani, Shaabani na Rajabu yana mwezi. Idi ana sikukuu. Chausiku ana saa. Mwaka alizaliwa siku za mwaka mpya wa Kiswahili. Usiyafanye kuwa ushahidi peke yake, kwa kuwa mtoto huweza kurithi jina la babu yake. Lakini likikubaliana na tarehe ya cheti, tarehe hiyo imepata shahidi wa pili.

Kwa ndugu wasiokuwa na kalenda ya Kiislamu, tumia matukio. Muulize mzee alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa nzige, wakati wa Uhuru, wakati wa Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, wakati wa Azimio la Arusha, wakati wa unga wa Yanga, ule wa njano, wakati wa vita vya Kagera. Na usiulize "ulikuwa na miaka mingapi". Uliza alikuwa anafanya nini: anachunga mbuzi? Ameshatiwa jandoni? Yuko mgongoni? Mtu husahau umri wake, lakini hasahau kwamba siku hiyo alikuwa anabebwa.

Majina ambayo si majina, na mtu mmoja mwenye manne

"Binti Salimu" lilikuwa fumbo jepesi kwangu kwa kuwa bibi nilimjua. Kilichonichukua muda ni kujua kwa nini halikuandikwa jina lake. Baba yetu mdogo hakuthubutu kulitaja jina la mke wa kaka yake mbele ya mtu baki. Alimtaja kwa baba yake, kama adabu ilivyotaka. Kwa hiyo ukikuta mama aliyeandikwa Binti Fulani, Mama Fulani, au Bi Mkubwa, ujue jina lake bado hulijui, ila umepata jina la baba yake au la mwanawe wa kwanza, na hilo ni kubwa. Jina lenyewe litafute kwenye karatasi ya mirathi, hati ya ndoa, au kwa wanawake wa rika lake. Wanaume mara nyingi hawalijui.

Safu ya jina la ukoo imewapoteza wengi. Kwetu mtu ni jina lake, la baba na la babu. Kila kizazi jina la mwisho hubadilika, kwa hiyo ukitafuta ukoo mzima kwa jina moja la mwisho unawaacha nje watu wako wenyewe. Tafuta kwa jina la katikati.

Tahajia isikutishe. Hamisi, Hamis, Khamis. Athumani na Uthman. Selemani na Suleiman: mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa zote hizo. Kiswahili sanifu kilianza kupangwa rasmi mwaka 1930, na kabla ya hapo kila misheni iliandika kama ilivyosikia. Kwenye vitabu vya Wajerumani herufi j husomwa y, kwa hiyo "Jusufu" ni Yusufu, "sch" ni sh, "tsch" ni ch, na j yetu waliiandika "dsch". Soma kwa sauti. Jina ambalo jicho limelikataa, sikio hulitambua mara moja.

Kuna jambo moja ambalo nalisema kama mwalimu, na kwa uchungu. Zamani mtoto akifeli darasa la saba, familia nyingine zilimhamishia shule ya mbali akarudie kwa jina la mtoto mwingine aliyeacha shule. Akifaulu, jina hilo linakuwa lake: cheti cha shule, kazi, na mwishowe cha kuzaliwa. Nimewajua watu wazima wenye jina la nyumbani na jina la shule ambayo hayakutani popote. Ukikuta mjomba asiyekuwepo kwenye karatasi yoyote kabla ya umri wa miaka kumi na mitano hivi, waulize wazee taratibu, faragha, na usimwaibishe mtu kwenye kikao cha familia.

Hapa kwetu kwenye mkonge kuna na manamba pia. Watu waliletwa kwa mikataba kutoka mbali, wakafanya kazi kwa kipande, wakatajwa kwa namba, na wengi walijiandikisha kwa jina jipya la pwani. Mtoto aliyezaliwa kambini ana cheti chenye jina la kambini la baba yake. Jina la kwao liko Kigoma, Songea, Newala au Burundi. Dalili yake ni tambiko, mwiko wa chakula, au wimbo wa kubembelezea ambao bibi aliuimba kwa lugha msiyoijua.

Mahali

Muheza ya baba yangu ilikuwa eneo zima, haikuwa mji. Alizaliwa katika kambi ya mkonge ambako babu alikuwa nyapara, na karani aliandika jina la eneo akaishia hapo. Mipaka imekatwa mara nyingi: Mkinga ilikuwa ndani ya Muheza, Kilindi ilikuwa Handeni. Tafuta jina kwa ramani ya wakati ule. Katika nyaraka za Kijerumani Lushoto ni Wilhelmstal na Mlalo ni Hohenfriedeberg. Tukuyu ni Neu-Langenburg. Kenya utakuta Fort Hall kwa Murang'a na Port Florence kwa Kisumu. Kisha kumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970: kijiji kilichoandikwa kinaweza kuwa kimehamishwa na watu wake, na pale pa zamani pamebaki miembe tu.

Ndugu mmoja alimtafuta miaka miwili mtu aitwaye Mkono, kwa sababu cheti cha bibi yake kiliandika amezaliwa "Kwa Mkono". Kwamkono ni mahali, huko Handeni. Nchi ya Wazigua imejaa majina ya "Kwa", na kalamu ya mgeni huyakata katikati.

Asili, na yale yanayouma

Fomu za zamani zina safu ya asili au kabila. Isome pamoja na mwaka wake. Unguja, watu waliojiandikisha Waswahili kwenye sensa ya 1924 walipungua sana kufikia ile ya 1931, na Wahadimu, Watumbatu na Washirazi wakaongezeka. Watu ni walewale, jina walilojiita ndilo lililobadilika. Wakati wa Vita vya Pili mgao wa chakula huko ulifuata asili ya mtu, wali kwa hawa na mahindi kwa wale. Familia ikijiandikisha Waarabu mwaka huo na Washirazi mwaka mwingine, fikiria chungu kilichokuwa jikoni kabla ya kuwahukumu.

Wapo pia waliotoka utumwani. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, na Tanganyika 1922 tu, kwa hiyo kuna vyeti vya watu ambao wazazi wao waliuzwa. Majina kama Mabruki, Feruzi, Almasi na Faraji walipewa wengi wao, na walioachwa huru mara nyingi walichukua jina la bwana wao baada ya "bin". Jina peke yake halithibitishi. Lakini nasaba ikikatika ghafla kwa babu mmoja asiye na ndugu, asiye na kwao, nenda kwenye vitabu vya misheni: Bagamoyo kwa Wakatoliki, waliofika huko 1868, Freretown na Rabai kwa upande wa Mombasa, Mbweni na Kiungani Unguja. Ukimpata huko, mtaje kwa heshima. Alivuka yale yote ili wewe uwepo.

Na safu ya baba iliyo tupu. Sheria tuliyorithi haikuruhusu jina la baba kuandikwa kwa mtoto wa nje ya ndoa ila yeye na mama waombe pamoja. Kenya kifungu hicho kilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2016. Kwa hiyo mstari mtupu haumaanishi kwamba mama hakumjua. Mara nyingi kijiji kizima kilijua. Tazama nani alitoa habari, nani alilipa ada ya shule, mtoto aliitwa jina la nani.

Ukienda kwa wazee

Chukua fotokopi, cheti chenyewe kiache nyumbani. Kabla ya kwenda, kusanya karatasi jirani: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, risiti za kodi ya kichwa, kadi ya TANU, hati ya ndoa, mirathi. Risiti ya kodi ina thamani kubwa kwa wanaume, lakini kumbuka kijana alijipunguzia miaka akiona mkusanya kodi na kujiongezea akitaka kazi.

Nenda asubuhi mzee akiwa na nguvu, na kilo ya sukari mkononi. Usimwambie cheti kinasema nini. Mwache aseme yeye kwanza, andika maneno yake kama yalivyo, hata yale usiyoyaelewa. Mimi "usiku wa Ijumaa" niliuelewa miaka mingi baada ya bibi kufariki, na kama ningeuandika kwa maneno yangu ningeandika Ijumaa. Ukishamaliza, ndipo umwonyeshe karatasi. Mkabidhi mkononi aishike mwenyewe. Shangazi alipoliona lile dole gumba alilipapasa kwa kidole chake, akakaa kimya kidogo, akasema, "Dole hili lilikuwa na kovu, alikatwa na mkonge." Nikalitazama kwa kioo cha kukuzia. Kovu lipo, mstari mweupe umepita katikati.